Mhariri, hao wapiganaji 40 walikuwa na majina

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, najua hii ni ndefu ila naomba uisome yote maana ombi lenyewe liko mwishoni.

Jirani yangu ni mzee ambaye macho yamemwisha, hivyo jioni nikitoka kazini huwa namsomea gazeti lako kuanzia ukurasa wa mbele mpaka michezo. Huyu mzee ujanani alikuwa askari kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Nchi gani sitaitaja, kwa sababu hata watoto wake hawajui yote na mimi sio wa kuwaambia. Wiki iliyopita nikamsomea habari yenu moja ya vita, mji umekombolewa, wapiganaji wasiopungua 40 wameuawa, msemaji wa jeshi kasema hali imedhibitiwa. Nikataka nihamie habari nyingine, mzee akasema, "Soma majina." Nikamwambia mzee hapa hakuna majina. Akasema, "Geuza ukurasa mwanangu, watakuwa wameyaweka nyuma." Nikageuza. Nyuma kulikuwa na ramani yenye mishale, picha ya jenerali na uchambuzi wa nani sasa atakwenda kwenye mazungumzo akiwa na nguvu. Nikamwambia hayapo. Akakaa kimya sana, kisha akasema basi soma michezo.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuwasoma kama zamani. Na sikulaumu wewe peke yako mhariri, magazeti karibu yote yanaandika hivyo hivyo, vita inasimuliwa kama bao, upande huu umekula kete 40, ule umekula 15, nani yuko juu. Kete haina mama, haina viatu. Mimi historia ya vita za namna hii ndo kitu ninachokisoma kwa miaka mingi, hasa barua za askari wenyewe, wale wasio na cheo chochote, na nataka nikuambie kilichomo ambacho kwenye habari zenu hakipo.

Nianze na viatu. Huyu mzee mpaka leo akilala viatu vyake viko kando ya kitanda, vimeelekezwa mlangoni na kamba zimelegezwa tayari kuvaliwa. Nilimuuliza mara moja tu. Akaniambia kule porini mtu akifa anavuliwa viatu kabla hajapoa, na anayemvua wala sio adui, ni mwenzake wa kikosi kimoja ambaye vyake vimeisha soli. Yeye alivuliwa akiwa mzima, alikuwa amelala usingizi wa uchovu wakadhani amekufa, akatembea peku siku mbili. Kwenye mapigano ya Fredericksburg kule Marekani, Desemba 1862, majimbo ya Kusini yalipokuwa yanapigana na ya Kaskazini kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, mambo yalikuwa hivyo hivyo, askari wa Kusini waliokuwa na baridi na viatu vilivyochakaa walishuka usiku kwenye uwanja uliojaa maiti za Kaskazini na kulipokucha maiti nyingi zilikuwa uchi. Watu walioona wakasema ni ukatili. Mzee nilipomsomea hilo akasema, "Si baridi ilikuwepo?" basi, hakuongeza neno.

Nitataja sana hiyo vita ya Marekani ya 1861 mpaka 1865, kwa sababu askari wake wengi walijua kuandika na barua zao zilikuwa hazipitiwi na mkaguzi wa jeshi kama ilivyokuja kuwa kwenye vita za baadaye, hivyo maelfu ya barua na shajara zimebaki na unaweza kumsikia askari mwenyewe bila afande kusimama katikati. Na kitu cha kwanza unachokiona ukizisoma ni kwamba siku za mapigano ni chache. Zilizobaki ni kwata, kutembea, kungoja, kuchimba, kuchota maji, kukata kuni, kukaa lindo usiku, na kutembea tena. Mtu anatembea kilomita 20 au 30 kwa siku na bunduki ya kilo nne, risasi 40 kiunoni, blanketi, chakula cha siku tatu, na hajui anapelekwa wapi wala hakuna anayeona umuhimu wa kumwambia. Chakula chenyewe biskuti ngumu mpaka zinapondwa kwa kitako cha bunduki, wanazilowesha kwenye kahawa ya moto, wadudu wanaelea juu, wanawaondoa alafu wanakunywa. Anayeandikia nyumbani hasemi habari za mkakati. Anaomba soksi.

Alafu inafika siku yenyewe. Bunduki za wakati ule zilikuwa ukoo mmoja na gobore, unapakia kwa mdomoni. Unatoa kifurushi cha karatasi, unakirarua kwa meno, unamimina baruti kwenye mtutu, unatia risasi, unachomoa fimbo ya chuma unashindilia, unairudisha fimbo mahali pake, unapachika fataki, unainua, unafyatua. Aliyefuzu vizuri aliweza mara tatu kwa dakika moja, lakini hapo ni uwanja wa kwata. Sasa fanya hivyo ukiwa umesimama wima kwenye mstari bega kwa bega, moshi mzito mbele humwoni adui hata miguu, midomo imekuwa myeusi kwa baruti na ile chumvi yake inaleta kiu ya kutisha, mizinga inalia mpaka kifua kinatetemeka, na wa kushoto kwako aliyekuwa anakuazima sindano jana hayupo tena. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1 mpaka 3 mwaka 1863, ziliokotwa uwanjani bunduki kama 27,000. Nyingi mno zilikuwa bado na risasi ndani, na maelfu kati ya hizo zilikuwa na risasi mbili au zaidi, moja juu ya nyingine, na inatajwa moja iliyokutwa na 23. Yaani mtu kashindilia, kainua, kavuta, haikulia, na kwa kelele ile hajui kama iliyolia ni yake au ya jirani, anashindilia tena, na tena. Wapo wanaosema hao walikuwa hawataki kuua wakawa wanajifanya wanapiga. Baadhi huenda. Mimi naamini wengi walikuwa vijana waliotoka shambani miezi michache tu nyuma, mikono inafanya ilichofundishwa na akili imeshaondoka. Nilivyomsimulia mzee habari ya hiyo bunduki alianza kutikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza, akasema yeye aliwahi kumaliza magazini nzima na hakumbuki kusikia mlio hata mmoja, anachokumbuka ni mchwa waliokuwa wanapanda kwenye kiwiko chake.

Mchwa. Miaka yote hii.

Ila mhariri kilichoua zaidi hakikuwa bunduki, na hapa ndo naomba unisikilize kuliko kote. Waliokufa kwenye vita ile kwa muda mrefu wametajwa kuwa kama 620,000, na utafiti wa mwaka 2011 uliotumia takwimu za sensa ukapandisha mpaka karibu 750,000, na kwa hesabu iliyozoeleka theluthi mbili walikufa kwa maradhi. Vijana wa mashambani ambao hawajawahi kukaa na watu elfu moja sehemu moja waliletwa kambini na surua ikawafagia kabla hawajamwona adui hata mmoja. Ikaja homa ya matumbo, ikaja malaria, ikaja nimonia, na juu ya yote kuhara na kuhara damu, huko ndo walipoishia makumi ya maelfu. Vyoo vilichimbwa karibu na maji ya kunywa, na wengine hata huko chooni hawakwenda, walijisaidia pembeni ya hema. Nyumbani mama anapata barua kwamba mwanao amefariki akiitumikia nchi, na ni kweli ameitumikia, ila alikufa amelala kwenye majani makavu, amekonda hana uzito hata wa mtoto, nguo zimemchafukia na wa kumbadilisha hayupo kwa sababu na wenzake wako vile vile. Sasa nyie mnaandika "wiki hii hakuna mapigano yaliyoripotiwa" na msomaji anashusha pumzi. Hiyo wiki tulivu ndo watu wanakufa kwa wingi! Na hii sio habari ya karne ile peke yake, popote jeshi linapopigana bila madaktari na bila maji safi, kama waasi wengi na hata majeshi ya serikali nyingi masikini yanavyopigana mpaka leo, jeraha dogo la mguu na tumbo la kuhara vinamaliza kazi ambayo risasi haikuifanya.

Na aliyepigwa? Risasi za wakati ule zilikuwa za madini laini ya risasi, zikigonga mfupa haziutoboi, zinausaga. Daktari hana la kuunganisha, anakata. Inakadiriwa mikono na miguu kama 60,000 ilikatwa kwenye vita ile. Dawa ya usingizi kwa sehemu kubwa ilikuwepo, hilo watu wengi hawalijui, wanadhani wote walikatwa macho makavu. Kisichokuwepo ni elimu ya vijidudu, daktari anafuta msumeno kwenye aproni anaendelea na anayefuata, na yule wa kwanza anapona kukatwa alafu anakufa kwa usaha wiki mbili baadaye. Kwenye habari mnaandika "majeruhi" na mnapita. Neno hilo limebeba watu ambao bado hawajamaliza kufa.

Nije kwenye jambo linalofanya vita ya wenyewe kwa wenyewe iwe tofauti na vita nyingine, adui anaongea lugha yako. Baada ya hayo hayo mauaji ya Fredericksburg majeshi mawili yalikaa baridi nzima yanatazamana kwenye mto Rappahannock. Kaskazini walikuwa na kahawa hawana tumbaku nzuri, Kusini wana tumbaku kahawa hakuna. Askari wa lindo wakatengeneza vimashua vidogo vya mbao, wakavitegea upepo, kahawa ikaenda ng'ambo na tumbaku ikarudi, na magazeti pia, kila upande ukasoma mwenzake anaandikaje. Maofisa wakakataza, wakikataza biashara inahamia usiku. Wakaonyana kabisa, jamani leo tumeambiwa tupige, jificheni. Alafu masika ikafika na watu wale wale wakauana kwa maelfu. Kuna anayesoma hii akaona ni habari tamu ya utu. Mimi inaniumiza, kwa sababu inaonyesha wale chini walikuwa wameshajua wanachopaswa kujua na hakuna aliyewauliza.

Mzee ana ya kwake. Usiku mmoja alikuwa karibu na simu ya upepo ya kikosi, wakafanikiwa kunasa mawasiliano ya upande wa pili, na akamsikia mtu anacheka. Akaijua ile cheko. Walikaa dawati moja shuleni. Hakumwambia mtu yeyote, maana ukisema unamjua mtu wa upande ule kesho unaulizwa wewe ni wa wapi hasa. Asubuhi yake wakapewa amri ya kushambulia. Hapo huwa anaacha kusimulia na mimi sijawahi kumsukuma.

Na wanaoenda ni akina nani? Kusini mwa Marekani walipitisha sheria ya kuandikisha watu kwa lazima Aprili 1862, na kufika Oktoba mwaka huo huo wakaongeza kwamba shamba lenye watumwa 20 au zaidi linaruhusiwa kubakiza mzungu mmoja nyumbani asiende jeshini. Mkulima mdogo asiye na mtumwa hata mmoja anaondoka, mahindi yanabaki na mke na watoto, mwenye watumwa ambao ndo chanzo cha vita yenyewe anabaki kivulini. Kaskazini nao mwaka 1863 wakaruhusu mtu alipe dola 300 asiende kipindi kile, au amlipe mtu mwingine aende badala yake, wakati mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 13 kwa mwezi na mara nyingi unachelewa miezi. Msemo ukazagaa kwamba ni vita ya matajiri wanaopigana ni masikini, na New York Julai 1863 watu waliingia mtaani, wakachoma ofisi ya kuandikishia, na hasira yao ya haki wakaimalizia kwa watu weusi wasio na hatia, wakawaua na kuchoma mpaka kituo cha yatima wa kiafrika. Hilo halina utetezi wowote. Naliandika kwa sababu ndivyo vita hizi zinavyokwenda, mtu anaonewa na wa juu yake anageuka kumponda wa chini yake.

Askari weusi wenyewe walikuwa kama 180,000 upande wa Kaskazini, wengi walitoka utumwani moja kwa moja. Wao walilipwa dola 10 na humo zinakatwa 3 za sare, mpaka bunge liliposawazisha Juni 1864, na kuna waliokataa kupokea mshahara kabisa zaidi ya mwaka kuliko kupokea wa kudhalilishwa, huku wanapigana. Na wakitekwa hawakuhesabika mateka. Kwenye ngome ya Fort Pillow, Aprili 1864, waliuawa na askari wa Kusini wakiwa wanasalimu amri. Hapa kuna kitu wasomaji wako wengi hawakifahamu mhariri na gazeti lingefanya vizuri kukieleza, kwamba hata leo, chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949, askari anayekamatwa kwenye vita ya ndani ya nchi hana ile hadhi kamili ya mfungwa wa vita anayopewa askari wa nchi moja akikamatwa na nchi nyingine. Kinachomlinda ni kifungu cha 3, kinachokataza kumuua, kumtesa, kumdhalilisha na kumhukumu bila mahakama ya haki, na itifaki ya 1977 ikaongezea kidogo. Lakini serikali inaweza kumshtaki kwa uhaini kwa kubeba bunduki tu. Kwa hiyo kijana akinyoosha mikono hajui ananyoosha kwa nani, na wengi wanaona bora wapigane mpaka mwisho hata pale ambapo hawaiamini tena hiyo vita. Mkiandika "waasi wamekataa kujisalimisha" ulizeni wanajisalimisha kwenye nini.

Na umri. Hispania, vita ya 1936 mpaka 1939, serikali ya Jamhuri ilipoishiwa watu mwaka 1938 ikaita vijana wa miaka 17, wakaitwa kizazi cha chupa ya kunyonyea, wakapelekwa mto Ebro kwenye mapigano ya karibu miezi minne. Miezi michache kabla, kule Teruel, baridi ya kuganda ilikuwa imekata vidole vya miguu kwa askari wa pande zote mbili. Kwetu Afrika tumeona makubwa zaidi ya hayo, Msumbiji, Sierra Leone, Liberia, kaskazini mwa Uganda, watoto wakaibwa usiku, na wengine wakalazimishwa kuua jirani au ndugu hapo hapo ili wasiwe na pa kurudi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 imekataza walio chini ya miaka 18 kupelekwa mstari wa mbele, na wanapelekwa. Lakini hata hao mtoto akiuawa siku hiyo gazetini anaingia kwenye "wapiganaji 40". Hilo ndo linanitoa machozi kuliko yote. Amebebeshwa bunduki miezi mitano, na sisi tunamzika na neno la mtu mzima.

Waliorudi sitawasema sana, hiyo ni barua nyingine. Mwaka 1866 jimbo la Mississippi lilitumia karibu moja ya tano ya mapato yake kununua miguu na mikono ya bandia. Mwaka 1871 daktari Jacob Da Costa aliandika habari za askari ambao moyo ulikuwa unawadunda na kifua kinabana na hakuona ugonjwa kwenye moyo wenyewe, ilichukua karibu karne nzima watu kuelewa kinachoendelea. Nigeria vita ya Biafra, eneo lililotaka kujitenga, ilipoisha Januari 1970 Jenerali Gowon alitangaza hakuna mshindi wala aliyeshindwa, maneno mazuri kweli, ila walemavu wa upande wa Biafra walikaa miaka na miaka Oji River na viti vyao vya magurudumu wakiomba wapita njia. Mzee wangu naye upande wake ndo uliopoteza. Pensheni hana, medali hana, siku ya mashujaa anafunga mlango.

Sasa nirudi kwenye majina.

Kwenye vita ile ya Marekani jeshi halikumpa askari kibati cha utambulisho. Waliojiweza walinunua cha kwao, wengine waliandika jina kwenye kipande cha karatasi. Ofisa mmoja ameacha simulizi kwamba kabla ya shambulizi la Cold Harbor, Juni 1864, aliwaona askari wamevua makoti akadhani wanashona, kusogea akakuta wanabandika majina yao mgongoni ili watambulike wakishaanguka. Hebu fikiria mtu unaandika jina lako vizuri, herufi zisomeke, kwa ajili ya atakayekuokota. Vita ilipoisha serikali ya Kaskazini ilifukua na kuzika upya zaidi ya askari wake 300,000, na karibu nusu hawakujulikana ni nani. Makaburi ya Vicksburg yana kama 17,000 na takriban 13,000 ni namba tu kwenye jiwe. Clara Barton, mama aliyekuwa anahudumia majeruhi, akafungua ofisi ya kutafuta waliopotea, zikaja barua 63,000, akafanikiwa kujua hatima ya watu kama 22,000. Wengine wote hao mama zao walikufa wanaangalia barabara.

Lakini kuna sehemu moja ambapo majina yapo. Andersonville, jela ya Kusini ya kuwekea mateka wa Kaskazini huko Georgia, uwanja wazi uliozungushiwa magogo, hakuna paa, kijito kimoja cha kunywa na cha kujisaidia. Walipita humo wafungwa kama 45,000 na karibu 13,000 wakafa, ndani ya miezi kama 14. Kulikuwa na mfungwa mmoja, kijana wa miaka 19 asiye na cheo, Dorence Atwater, alipewa kazi ya kuandika waliokufa kwenye daftari la jela. Akahisi hilo daftari halitafika kokote. Akaanza kunakili kwa siri, jina, kikosi, tarehe, ugonjwa, namba ya kaburi, kila siku, na zipo siku walikufa zaidi ya 100. Alipoachiwa akatoka nayo imefichwa. Mwaka 1865 akarudi kule pamoja na Clara Barton, wakaweka majina kwenye makaburi, na kati ya karibu 13,000 yaliyobaki bila jina hayakufika 500. Akagombana na jeshi lake mwenyewe kuhusu nani mwenye ile orodha, akapelekwa mahakama ya kijeshi akafungwa. Na walioichapa mpaka familia zikasoma, mwaka 1866, ni watu wa gazeti mhariri. New York Tribune. Ukurasa kwa ukurasa wa majina, hakuna ramani hata moja.

Kwa hiyo ombi langu. Mnapoandika habari za hizi vita zinazoendelea, Sudan tangu Aprili 2023, Kongo, na kwingine kote, msikome kwenye idadi aliyotoa msemaji. Mwandishi wenu akipiga simu aulize wameuawa 40 wa umri gani, walikuwa wamelipwa lini mara ya mwisho, majeruhi wamepelekwa wapi na kuna dawa, miili imezikwa wapi na nani aliandika. Najua mara nyingi hatajibiwa, basi andikeni kwamba mliuliza na hamkujibiwa, hiyo yenyewe ni habari. Najua pia kuna hatari, jina likitoka familia inaweza kuandamwa na upande wa pili, hivyo pasipo na usalama msitaje, mseme tu kwamba jina lipo na limehifadhiwa. Lakini familia ikija yenyewe na jina, iwe ya upande wa serikali au wa waasi, lipeni nafasi. Mistari mitatu inatosha. Matangazo ya vifo vya watu wenye pesa mnayatoa na picha.

Mzee nilimwambia nakuandikia. Akaniuliza kama gazeti linapokea jina moja tu, la zamani. Kuna mwenzake alimzika mwenyewe kwa mikono na kifuniko cha sufuria, wakiwa wanakimbia, hawakuwa na muda wa kuweka hata jiwe. Kijiji cha huyo mtu hakukijua, walijuana wiki sita tu, lakini jina analo, na jina la baba yake pia, na kwamba alikuwa fundi baiskeli. Nikamwambia sijui ila nitauliza. Akanitajia taratibu, akanirudisha mara mbili nilipokosea herufi. Nimeliandika kwenye karatasi ya peke yake na nimeiambatanisha na barua hii.

Msomaji wako wa kila siku